Mtu Asiyefika au Mahali Pasipofikika? Uhakiki wa Istilahi za Ulemavu Katika Vyuo Vikuu

1. Utangulizi

Katika miaka ya karibuni vyuo vikuu vyetu vimeanza kutoa miongozo, fomu na matangazo kwa Kiswahili juu ya huduma za wanafunzi wenye ulemavu. Jambo hili ni la kupongezwa. Zamani habari za namna hiyo ziliandikwa kwa Kiingereza tu, zikasomwa na wachache na kuhifadhiwa katika makabati. Hata hivyo, pongezi zetu hazituzuii kusema kwamba istilahi nyingi zitumikazo katika maandishi hayo zimetungwa kwa haraka. Baadhi zimefasiriwa neno kwa neno, baadhi zimeundwa kinyume cha kanuni za lugha, na baadhi zinapendeza masikioni lakini hazimwambii mtumishi wa umma afanye nini.

Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi chache kwa maswali matatu. Kwanza, je, neno limeundwa kwa kufuata kanuni za Kiswahili? Pili, je, linaeleweka kwa yule anayelihitaji? Tatu, je, linauweka wajibu mahali pake? Swali la tatu huenda likaonekana geni kwa wanaistilahi waliozoea kushughulika na maumbo ya maneno tu. Kisa kifuatacho kitaonyesha kwa nini tumeliweka.

Mwongozo wa chuo kimoja, ambacho hatukitaji, ulifasiriwa kutoka katika Kiingereza. Asili ilitumia neno ambalo katika lugha ya kila siku lina maana ya mahali pa kulala, lakini katika sheria za watu wenye ulemavu lina maana ya kubadili utaratibu au mazingira ili mtu aweze kushiriki sawa na wenzake. Mfasiri aliandika "malazi yanayofaa". Mwanafunzi mwenye uoni hafifu, aliyehitaji karatasi ya mtihani yenye maandishi makubwa pamoja na nyongeza ya muda, aliusoma mwongozo ule tangu mwanzo hata mwisho asione mahali pa kuombea haki yake. Alipouliza, alionyeshwa kifungu cha "malazi yanayofaa", akapelekwa ofisi ya mabweni. Huko aliulizwa kama kitanda chake kina kasoro. Kosa lilipogunduliwa, mitihani ya muhula ilikuwa imekwisha.

Basi neno moja lililokosewa limemnyima mtu mtihani wake. Na hatari hii imezidi kuwa kubwa. Tangu Tanzania ilipopitisha marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, neno la Kiswahili si kivuli tena cha neno la Kiingereza. Mfasiri akikosea, hakuna asili inayosimama nyuma yake kumwokoa msomaji.

2. Majina ya watu

Tuanze na majina ya watu wenyewe, maana hapo ndipo ubishi umekuwa mwingi kupita sehemu nyingine. Kiswahili kina maneno ya kale: kipofu, kiziwi, kiwete, bubu, kilema. Wako wasemao kwamba maneno haya yanadhalilisha kwa sababu mengi yao yamo katika ngeli ya vitu. Hoja hii haitoshi. Kijana, kiongozi na kinyozi nao wamo katika umbo hilohilo, na hakuna kiongozi aliyewahi kulalamika kwamba amefanywa kitu. Upatanisho wenyewe unaonyesha kwamba lugha inawatambua kuwa watu: twasema "kiziwi amefika", wala hatusemi "kiziwi kimefika". Palipo na dharau, imetoka katika matumizi wala si katika kiambishi.

Matumizi, lakini, hayapuuziki. Mabadiliko ya miaka arobaini iliyopita yanasomeka katika majina ya sheria zetu. Sheria mbili za Tanzania za mwaka 1982, zilizofuata Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya 1981, zilizungumzia walemavu. Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 inazungumzia watu wenye ulemavu. Katikati ya sheria hizo upo Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imekwenda mbali zaidi. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomshushia hadhi. Sisi wanaistilahi tunapaswa kukisoma kifungu hicho kwa makini, kwa kuwa kinaifanya kazi yetu ya kuchagua majina kuwa suala la haki ya kikatiba.

Tunaunga mkono "mtu mwenye ulemavu", wingi "watu wenye ulemavu", kwa maandishi yote rasmi. Tunawaomba waandishi wajihadhari na kosa la "mtu wenye ulemavu", ambalo tumeliona katika fomu zaidi ya moja. Hatuungi mkono "mtu anayeishi na ulemavu". Msemo huu unaufanya ulemavu uonekane kama mpangaji aliyeingia chumbani mwa mtu. Ulemavu si mpangaji.

Kwa upande mwingine, tusiwapokonye watu majina waliyoyachagua wenyewe. Chama cha Viziwi Tanzania kinajiita hivyo kwa hiari yake, na wengi wa wanachama wake wanauona uziwi kuwa ni alama ya jamii yenye lugha yake. Ofisa anayefuta "viziwi" katika barua yao na kuandika "watu wenye changamoto za kusikia" hawaheshimu, anawasahihisha. Vivyo hivyo, jina "zeruzeru" limeachwa kwa sababu wenyewe wamelikataa, wakachagua "mtu mwenye ualbino". Kanuni iwe moja: wenye jina waulizwe kwanza.

Linabaki suala la "wanafunzi wenye mahitaji maalumu". Msemo huu umeenea mno vyuoni, na kwa kweli unatusumbua. Kwanza, hauna mipaka. Mjamzito, yatima, na mwanafunzi asiye na karo, wote wanaweza kuingizwa humo, na mara nyingine huingizwa, hata fungu la fedha lililotengwa kwa ajili ya karatasi za nukta nundu likaishia kwingineko. Pili, unadai kwamba hitaji lenyewe ni maalumu. Lakini mwanafunzi anayetumia kiti mwendo anahitaji nini? Anahitaji kuingia darasani. Mwanafunzi kiziwi anahitaji nini? Anahitaji kuufahamu mhadhara. Haya ni mahitaji ya kila mwanafunzi. Kilicho maalumu ni njia ya kuyatimiza tu. Kwa hiyo fomu inayokusudia ulemavu na iseme ulemavu.

3. Marekebisho stahiki

Turudi kwenye kisa chetu cha malazi. Mkataba wa mwaka 2006 unafafanua dhana hii katika kifungu chake cha 2. Ni mabadiliko yaliyo ya lazima na yanayofaa, yanayofanywa kwa ajili ya mtu fulani katika hali fulani, bila kumtwisha mtoa huduma mzigo uliopita kiasi, ili mtu huyo apate haki zake sawa na wengine. Kifungu cha 24 kinaitaja elimu ya juu waziwazi kuwa ni mahali ambapo mabadiliko hayo yatatolewa.

Tumekutana na tafsiri kadhaa: malazi yanayofaa, msaada maalumu, upendeleo wa kuridhisha, marekebisho stahiki. Ya kwanza tumekwisha kuiona madhara yake. Ya pili inaigeuza haki kuwa sadaka, kwa maana msaada hutolewa na mwenye huruma, na asiye na huruma hashtakiwi. Ya tatu ni mbaya kuliko zote. Mwalimu akisoma kwamba mwanafunzi asiyeona apewe "upendeleo" wa muda katika mtihani, atajiona anashiriki dhuluma dhidi ya wanafunzi wengine, naye atasita. Lakini nyongeza ya muda haimpi mwanafunzi huyo jibu hata moja. Asomaye kwa vidole, au kwa kuambaa na herufi zilizokuzwa, hutumia muda mrefu zaidi kuifikia sentensi ileile. Nyongeza inafidia muda huo tu.

Kwa hiyo tunapendekeza "marekebisho stahiki". Neno "stahiki" linabeba mambo mawili ambayo ufafanuzi wa Mkataba unayadai. Linasema kwamba mtu anastahili, yaani ni haki yake. Tena linasema kwamba kitolewacho kiwe kwa kadiri inayostahili, yaani kisizidi wala kisipungue. Ni neno tulilonalo, halihitaji kuundwa, na karani wa ofisi ya mitihani hatalipeleka mabwenini.

4. Ufikivu, ufikiaji au ufikikaji?

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wetu. Kwa dhana ya mahali, maandishi au huduma kuwa katika hali ya kumwezesha kila mtu kuvitumia, waandishi wengi sasa hutumia "ufikivu", na kivumishi chake "fikivu": jengo fikivu, tovuti fikivu, mazingira fikivu. Neno hili ni fupi na lina mwendo mzuri. Je, limeundwa sawasawa?

Tulipime kwa jamaa zake. Kutokana na "sikia" tunapata "sikivu". Msikivu ni yule asikiaye, wala si yule anayesikika. Kutokana na "vumilia" tunapata "vumilivu". Mvumilivu ni yule avumiliaye, wala si yule anayevumilika. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni "sahaulifu". Msahaulifu ni mtu mwenye kusahau, si mtu anayesahaulika. Ukifuata mkondo huo, "fikivu" ni chenye tabia ya kufika. Basi jengo fikivu lingekuwa jengo linalofika, na mwanafunzi mfikivu ndiye angekuwa mwanafunzi hodari wa kufika. Wajibu umehama kimyakimya kutoka kwa jengo ukaangukia miguu ya mwanafunzi.

Watetezi wa neno hili watatujibu kwamba yapo maneno ya umbo hilo yenye kueleza hali, si tendo: "nyoofu" kutoka "nyooka", "pungufu" kutoka "pungua". Tunakubali kwamba hoja yao ina uzito. Lakini kinachonyooka na kinachopungua ndicho chenyewe kinachopatwa na hali hiyo, hapana mwingine anayehusika. Katika kufika kuna wawili, yaani afikaye na mahali anapofika, na dhana nzima imesimama juu ya tofauti yao. Istilahi isiyowatenganisha wawili hawa haijafanya kazi yake.

"Ufikiaji", neno la pili, halina kosa la umbo, ila linataja tendo la mtu. "Ufikiaji wa maktaba" ni kule kuifikia kwenyewe. Linafaa tunapohesabu ni wangapi walioifikia, lakini halielezi kama maktaba ina sifa ya kufikiwa na wote.

Tunaamini kwamba jibu limo katika midomo ya watu siku zote. Wakati wa masika, barabara ikikatwa na maji, wananchi husema nini? Husema "barabara haipitiki". Mto ukijaa, "hauvukiki". Barua ikiandikwa kwa mwandiko mbaya, "haisomeki". Mhadhiri akinong'ona, "hasikiki". Hakuna asemaye kwamba abiria aliyekwama ng'ambo ya mto ana upungufu, au ana mahitaji maalumu ya kuvuka. Mto ndio usiovukika, na daraja ndilo linalodaiwa. Mnyambuliko huu wa kutendeka unaiweka kasoro pale ilipo. Mkataba wa mwaka 2006 ulipoeleza katika utangulizi wake kwamba ulemavu hutokana na kukutana kwa hali ya mtu na vizuizi vya mazingira na vya mitazamo, ulisema jambo ambalo sarufi yetu ilikuwa imeliwekea umbo tayari.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza "kufikika" kwa matumizi ya kawaida: jengo linalofikika, ukumbi usiofikika. Kwa nomino dhahania tunapendekeza "ufikikaji", kwa kufuata mfano wa "upatikanaji", ambalo limetokana na "patikana" na linatumika kila siku bila taabu. Faida nyingine ni kwamba neno hili lina ndugu: upitikaji wa njia, usomekaji wa maandishi, usikikaji wa mhadhara. Mkaguzi wa majengo ya chuo anaweza kuyaweka maneno haya manne katika fomu yake na kulijibu kila moja peke yake. Kwa "ufikivu" pekee asingeweza, maana chumba huweza kufikika na kisipitike ndani, kwa mfano pale viti vilipofungwa sakafuni bila kuacha nafasi ya kiti mwendo.

5. "Miundombinu rafiki"

Msemo huu sasa hausikiki tu, bali unatawala. Hotuba hazikamiliki bila miundombinu rafiki, vyoo rafiki na mazingira rafiki. Tunakiri kwamba unafahamika. Kasoro yake ni kwamba haupimiki. Urafiki hauna futi wala inchi.

Tuchukue mfano wa njia ya mteremko, ile inayojengwa badala ya ngazi au kandokando yake. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010, vilivyotolewa chini ya sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1990, vinataka mwinuko wa njia hiyo usizidi kipimo 1 kwa urefu wa vipimo 12. Maana yake ni kwamba mlango ulioinuliwa kwa ngazi 3 za sentimita 15 kila moja, yaani sentimita 45, unahitaji njia yenye urefu usiopungua meta 5.4. Kandarasi aliyeandikiwa "miundombinu rafiki" anaweza kumwaga saruji ya urefu wa meta moja, akapaka rangi, akalipwa. Mwanafunzi atakayejaribu kuipanda kwa kiti mwendo ataanguka kinyumenyume. Kandarasi hakuvunja mkataba wowote, kwa kuwa hakuna mahakama itakayoamua kama saruji ile ilikuwa rafiki au adui.

Tunashauri kwamba neno "rafiki" liachiwe hotuba. Katika zabuni, michoro na kanuni za ujenzi liandikwe neno "inayofikika", likifuatwa na kipimo. Hii ni kazi ya watumishi wa umma hasa, ambao ndio watungao hati hizo.

6. Alama, ishara na nukta nundu

Tanzania husema "lugha ya alama"; Kenya husema "lugha ya ishara". Wako watakao jina moja kwa nchi zote. Sisi hatuoni haraka hiyo. Lugha ya Alama ya Tanzania na Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha mbili mbalimbali, zenye wasemaji wake, na tofauti ya majina haidhuru. Lililo muhimu zaidi ni kwamba neno "lugha" lisidondoshwe. Katika tangazo moja la chuo tulisoma kwamba wanafunzi viziwi "watapewa huduma ya alama". Kwa kuwa "alama" chuoni ni zile zitolewazo katika mitihani, wanafunzi wengine walinung'unika kwamba wenzao wanagawiwa maksi. Kuandika "mkalimani wa lugha ya alama" kungeondoa manung'uniko yote.

Tena neno "lugha" linadai heshima yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya ishara kuwa mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lugha rasmi inahitaji istilahi. Katika vyuo vikuu vya Tanzania masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na mkalimani asimamaye mbele ya darasa la uchumi au kemia hukutana na dhana ambazo hazina alama iliyokubaliwa. Hulazimika kuzitahajia herufi kwa herufi kwa vidole, na huku mhadhara unakwenda. Kamati zetu za istilahi zimeketi na mabingwa wa sayansi na wa sheria kwa miaka mingi. Ziketi sasa na viziwi wenyewe na wakalimani wao.

Tusimalize sehemu hii bila kutaja neno lililofaulu. Maandishi ya kusomwa kwa vidole, aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille na kuyachapisha mwaka 1829, hutumia nukta 6 ambazo hupangwa katika maumbo 63. Kenya imelichukua jina la mbuni, "Breli". Tanzania ilitunga "nukta nundu". Maneno mawili ya zamani yamewekwa pamoja, na mtu ambaye hajawahi kuyaona maandishi hayo anajua mara moja kwamba ni nukta zilizoinuka kama nundu ya ng'ombe. Hali kadhalika "vifaa saidizi", neno ambalo umbo lake linalingana na msaidizi, limemweka mtenda mahali pake: kifaa husaidia, mtu husaidiwa. Maneno haya yanathibitisha kwamba Kiswahili hakikosi uwezo. Kinachokosekana mara nyingine ni muda wa kukaa na neno kabla ya kulipiga chapa.

7. Hitimisho

Tunajua kwamba lugha ni mali ya wasemaji, na kwamba "ufikivu" limekwisha kuchapishwa mara nyingi. Huenda likatushinda kwa mazoea, kama maneno mengine yalivyowashinda wahakiki wa zamani. Likishinda, basi Baraza lilifafanue katika orodha yake kwamba ni sifa ya mahali na huduma, wala si ya mtu. Lakini juu ya "malazi yanayofaa" na "upendeleo" hatuna nafasi ya kulegea, maana hayo yanaharibu haki za watu hivi leo.

Kwa muhtasari, tunapendekeza: mtu mwenye ulemavu, badala ya mwenye mahitaji maalumu, pale ulemavu unapokusudiwa; marekebisho stahiki, badala ya malazi, msaada au upendeleo; kufikika na ufikikaji, pamoja na upitikaji, usomekaji na usikikaji; kipimo badala ya "rafiki"; na lugha ya alama au lugha ya ishara kwa ukamilifu wake.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Ofisa anayetunga fomu leo hajui kama kesho ataijaza yeye mwenyewe. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa vyuo watuletee miongozo na fomu zinazotumika katika sehemu zao, pamoja na maoni ya wanafunzi wanaozitumia. Tungependa hasa kusikia kutoka kwa wanafunzi wenye ulemavu wenyewe ni maneno gani yaliyowafikisha walikokuwa wakienda, na ni yapi yaliyowapeleka kwenye ofisi isiyohusika.